Kabla Hujamwaga Zege: Vidokezo 14 kwa Anayejenga

Pita Goba, Chanika, Bunju au Kigamboni mwezi wowote utakaotaka. Utakuta rundo la mchanga mbele ya kiwanja, tofali zimepangwa pembeni, na mwenye nyumba amepigiwa simu alete mifuko mingine ya saruji. Nyumba nyingi za miji yetu hujengwa hivyo, mdogo mdogo, kwa mshahara na kwa vikoba, bila kampuni kubwa. Kwa hiyo habari ya ujenzi unaotunza mazingira haiwezi kuachwa kwenye kumbi za semina. Anayeamua nyumba itakula mifuko mingapi, mbao za msitu gani na mchanga wa mto upi ni wewe na fundi wako. Vidokezo hivi vimeandikwa kwa ajili yenu wawili, na vingi vitaokoa fedha pia.

1. Toa chumba kimoja kwenye ramani

Hakuna akiba inayozidi ya chumba ambacho hukukijenga. Kinaondoka na msingi wake, jamvi lake, nondo za lenta yake, kenchi, bati na plasta. Tazama mapagale yalivyojaa mitaani: nyumba za vyumba sita zilizofika kwenye lenta zikakwama, majani yameota sebuleni. Saruji iliyomo imeshachomwa, mchanga umeshachimbwa, na hakuna anayelala humo.

Kwa nini saruji itutie wasiwasi kiasi hiki? Kwa sababu ya jinsi inavyozaliwa. Kiwanda huchoma mawe ya chokaa kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi, na jiwe lenyewe likipata moto huachia hewa ya ukaa. Kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa hutoa kilo 44 za hewa hiyo na kubakiza kilo 56 tu za chokaa. Hapo hujahesabu makaa ya mawe au gesi inayowasha tanuri. Ndiyo maana saruji peke yake inabeba kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa ambayo binadamu tunaitoa duniani. Hata tanuri likiwashwa kwa umeme wa jua, ile inayotoka ndani ya jiwe itatoka tu. Tulichobaki nacho sisi wajengaji ni kutumia kidogo, na kile kidogo tukitumie vizuri.

Basi mwambie mchoraji akupe nyumba inayoweza kuongezwa. Jenga vyumba viwili na sebule, mhamie, na ramani ionyeshe tangu mwanzo ukuta upi utafunguliwa watoto wakikua na wapi msingi wa nyongeza utapita.

2. Kagua kiwanja wakati wa masika

Kiwanja cha bei nafuu mwezi wa tisa kinaweza kuwa bwawa mwezi wa nne. Kama huwezi kusubiri mvua, bisha hodi kwa jirani mwenye umri, msalimie, kisha umuulize: “Shikamoo bibi, masika maji hapa hufika wapi?” Atakuonyesha alama ukutani kwake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Wengi huiona kama kikwazo cha maofisa. Wakazi wa Bonde la Msimbazi wanajua zaidi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu Dar es Salaam, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Bonde lina kazi ya kupokea maji. Ukilijaza kifusi ili ujenge, maji hayapungui, yanahamia kwa jirani, na mwaka unaofuata yanarudi kwako.

3. Ielekeze nyumba kwenye upepo

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa hakigharimu hata shilingi. Kinataka tu mtu afikirie kabla kamba za msingi hazijavutwa.

Sisi tulio karibu na ikweta jua letu la mchana liko juu sana. Linalotuunguza ni jua la pembeni: la asubuhi linalopiga ukuta wa mashariki, na zaidi lile la alasiri linalopiga ukuta wa magharibi mpaka chumba kinakataa kupoa usiku. Kuta za kaskazini na kusini hazipati adha hiyo. Jua likizifikia linatoka juu, na ukingo wa paa ukitokeza vya kutosha unalizuia. Kwa hiyo nyumba ndefu ilale kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi uwape choo, stoo na ngazi.

Kwa mtu wa pwani kuna faida ya pili. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini katikati ya mwaka, na kaskazi hushika zamu Desemba hadi Machi. Pepo hizo ndizo zilizokuwa zikisukuma majahazi kwenda na kurudi Arabuni, na zote mbili zinaingia kwenye madirisha yale yale uliyoyaweka kwa kukwepa jua. Nyumba za zamani za Kariakoo na za Ng'ambo ya Unguja zina ukumbi unaonyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani. Ukifungua milango yote miwili upepo unapita kati, na barazani kuna kivuli cha kukaa. Waliozijenga hawakuwa na feni wala kiyoyozi, wakajenga kwa kuusikiliza upepo.

Anayetaka mfano wa leo aende Turkana, kaskazini mwa Kenya, pembeni mwa ziwa. Chuo cha Startup Lions, kilichosanifiwa na Francis Kéré na kukamilika mwaka 2021, kina minara mirefu iliyochukua umbo la vichuguu vya eneo hilo. Hewa ya moto hupanda na kutokea juu, hewa ya chini ikaingia kushika nafasi yake. Turkana kuna joto hasa, na bado minara hiyo inafanya kazi bila mashine.

Kiwanja kikikulazimisha kutazama magharibi, weka baraza pana upande huo au panda mwembe leo hii. Na kama mti upo tayari, mzuie dereva wa buldoza asiung'oe. Utauhitaji.

4. Chagua dirisha linalofunguka lote

Madirisha ya alumini ya kusukuma yameenea kila mahali, na yanapendeza. Lakini kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine, hivyo kwa dirisha la mita mbili unapata upepo wa mita moja. Dirisha la bawaba hufunguka lote. La vioo vya kulaza huruhusu upepo hata mvua inaponyesha. Juu ya madirisha na milango acha matundu ya hewa, na uyawekee wavu wa mbu. Hewa ya moto hukaa juu, ipe pa kutokea.

5. Uliza tofali limechomwa kwa nini

Mbeya, Iringa, Njombe na Kagera tofali la kuchoma ndilo tofali. Ni zuri na linadumu. Tatizo ni tanuri. Tofali mbichi hupangwa rundo kubwa, mahandaki ya moto huachwa chini, na magogo huingizwa humo usiku na mchana. Joto jingi linapotelea hewani kwa kuwa tanuri lenyewe halina ukuta wa maana, tofali za ndani zinaungua kupita kiasi na za nje zinabaki mbichi. Misitu ya vijiji inaishia humo. Ikiwa lazima ununue tofali za kuchoma, mtafute anayechoma kwa pumba za mpunga, ambazo wapo wanaozitumia katika maeneo ya mpunga, na uwe tayari kumwongezea kidogo.

Njia ninayoishabikia zaidi ni tofali za udongo za kufungamana. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umezihimiza Tanzania kwa miaka mingi. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, asilimia 5 hadi 10 kutegemea udongo wenyewe, kisha hushindiliwa kwenye mashine ya mkono. Hakuna moto. Kila tofali lina ulimi na mfereji, kwa hiyo katikati ya kozi na kozi hakuhitajiki udongo wa saruji, isipokuwa kozi ya kwanza na kwenye lenta. Ukuta ukinyooka vizuri huna haja ya plasta nje. Piga hesabu ya mifuko iliyobaki dukani!

Udongo unautoa wapi? Mara nyingi uko chini ya miguu yako, kwenye mtaro wa msingi na kwenye shimo la choo. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi, hilo ni la bustani. Kisha jaza udongo nusu ya chupa ya kioo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache utulie hadi kesho yake. Mchanga utakuwa chini, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Udongo wenye mchanga mwingi na mfinyanzi wa kiasi unafaa. Ule mweusi unaopasuka nyufa kiangazi usiuguse, maana huvimba ukilowa.

Sasa masharti, kwa sababu wengi waliojaribu wakakata tamaa waliruka hapa. Tofali zikitoka mashineni zikae kivulini, zifunikwe, zimwagiliwe kwa wiki mbili au zaidi. Msingi upande juu ya ardhi ili mvua inayoruka kutoka chini isiule ukuta. Paa litokeze vya kutosha. Kéré alianza kwa njia hii hii kijijini kwao Gando, Burkina Faso, kwenye shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001: tofali za udongo zilizotiwa saruji kidogo, na juu yake bati lililoinuliwa ili upepo upite katikati ya dari na paa. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, inayohesabiwa kuwa kubwa kuliko zote katika usanifu majengo. Na jirani zetu Uganda, Dkt. Moses Musaazi wa Chuo Kikuu cha Makerere alibuni tofali la aina hiyo lenye mpindo, linalojengea matangi ya maji. Anayesema nyumba ya udongo ni ya maskini na apewe picha za majengo haya.

6. Zege lipimwe kwa ndoo

Mazungumzo haya utayasikia kwenye saiti nyingi.

“Fundi, mbona zege linamiminika kama uji?”

“Mama, likiwa zito vijana hawaliwezi.”

Vijana wanastahili kuhurumiwa, kubeba karai juani ni kazi ngumu. Lakini maji ya ziada yana gharama. Saruji hutumia sehemu tu ya maji hayo. Yanayobaki hukauka na kuacha vitundu visivyoonekana, zege linapoteza nguvu, na unyevu unapata njia ya kuifikia nondo na kuitia kutu. Halafu mwenye nyumba akiona zege dhaifu anaongeza mifuko, kumbe dawa ilikuwa kupunguza maji.

Kwa mfuko mmoja wa kilo 50, lita 25 za maji ndicho kipimo kizuri cha kuanzia. Mchanga ukiwa umelowa, punguza. Saruji, mchanga na kokoto vipimwe kwa ndoo au kisanduku cha mbao, maana koleo la asubuhi na koleo la saa tisa mchana hayalingani. Kijana mmoja awe na kazi ya kupima tu, na alipwe sawa na wenzake.

Baada ya kumwaga, mwagilia siku 7 kwa uchache. Zege halipati nguvu kwa kukauka, linapata kwa kubaki na unyevu, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Lifunike kwa magunia yaliyolowa. Utatumia maji kidogo kuliko kumwagilia kwa mpira mara tano kwa siku, na jua halitayanyonya.

7. Soma mfuko wa saruji

Mfuko una namba. Saruji ya 32.5 inatosha kwa kujengea tofali, plasta na sakafu nyepesi. Ya 42.5 ina nguvu zaidi, ni ya nguzo, bimu na zege la ghorofa. Kuweka 42.5 kwenye plasta ni kutupa nguvu usiyoihitaji. Saruji nyingi za 32.5 zimechanganywa na majivu ya volkano au mawe ya chokaa yaliyosagwa bila kuchomwa, na mchanganyiko huo unapunguza ile hewa ya ukaa niliyoisema mwanzoni. Usiikwepe kwa kudhani imechakachuliwa, ni saruji halali kwa kazi yake. Panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta, na ununue ya wiki hiyo tu. Saruji iliyoganda stoo ni hasara ambayo haijasaidia mtu yeyote.

8. Mchanga una mto wake

Dereva wa lori hatakuambia ametoa wapi usipomuuliza. Muulize. Mito ya Dar es Salaam kama Mbezi, Tegeta na Mpiji imechimbwa mchanga mpaka kingo zinaporomoka na nyumba za pembeni zinaning'inia. Ukambani, Kenya, athari ni za namna nyingine. Mito ya mchanga huko hukauka juu lakini huhifadhi maji chini, na wanawake huchimba visima humo wakati wa kiangazi. Mchanga ukiondoka, maji nayo hayana pa kukaa. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015 kwa sababu hiyo.

Nunua kwenye machimbo yenye kibali na udai risiti. Kwa jamvi na tofali unaweza kuchanganya vumbi la kokoto kutoka kwenye mitambo ya kusaga mawe. Mchanga wa ufukweni usiukubali hata ukipewa bure: chumvi yake hula nondo, na fukwe zetu zinaliwa na bahari vya kutosha.

9. Ifuate mbao mpaka msituni

Kwa kenchi tumia mbao za kupandwa. Misonobari na mikaratusi ya Sao Hill, Mufindi, huvunwa na kupandwa upya, na shamba hilo ndilo kubwa kuliko yote ya serikali nchini Tanzania. Mninga, mkongo na mvule ni miti ya asili, humchukua mti umri wa mtu mzima au zaidi kufikia kupasuliwa. Ukitaka mlango wa mninga, uwe mmoja wa mbele, na muuzaji akuonyeshe hati ya kusafirishia mazao ya misitu.

Mikoko ni habari yenye historia. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti, na boriti hizo hizo zilisafirishwa kwa majahazi kwenda Arabuni na Ghuba karne kwa karne, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Leo mikoko ya Delta ya Rufiji na ya pwani nzima ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi na kulea kamba na samaki wachanga. Boriti za dari mpya zitokane na miti ya kupandwa.

Mirunda na mbao za kumwagia zege ukodishe, usinunue. Ukinunua, zing'oe misumari, zipange mahali pakavu, na uziuze kwa anayefuata.

Na hili tafadhali lishike. Mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani, vipande vyake visiende jikoni wala kwa mama ntilie wa saiti. Dawa nyingi za aina hiyo zina aseniki, na moshi wake ni sumu kwa anayepika na kwa watoto waliokaa karibu. Vilevile wapo wanaopaka oli chafu ya magari kwenye mbao ili kuzuia mchwa. Oli hiyo inaishia ardhini, na kisima chako kiko hapo hapo.

10. Paa livune mvua, lisivune joto

Rangi kwanza. Bati jeusi au la kijivu kizito linapendeza kwenye picha, lakini linanyonya jua na kulimimina chumbani. Bati jeupe au la rangi hafifu hurudisha sehemu kubwa ya jua lilikotoka. Acha nafasi kati ya bati na dari, na utoboe matundu ya hewa kwenye ncha za paa. Kuhusu unene, geji ndogo ndiyo bati nene: geji 28 itakaa kuliko geji 32, na bati lililokaa miaka mingi ni bati ambalo halikununuliwa mara mbili.

Sasa maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 50, limepokea lita 5,000, tangi zima kubwa la plastiki. Dar es Salaam hupata milimita 1,000 hivi kwa mwaka. Hata ukitoa yanayomwagika na kukauka, paa hilo moja linaweza kukupa lita 80,000 kwa mwaka. Wakati huo huo mtaani tunanunua maji ya boza.

Jenga msingi wa tangi pamoja na msingi wa nyumba, ndiyo siri. Anayesema ataweka baadaye hukuta kona imeshawekwa geti. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachie ipite, kwa kuwa inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Funika tangi na uweke wavu. Hata kama maji ya bomba yapo, ya mvua yafue, yaoshe, yamwagilie na yajengee. Ukikamilisha paa na tangi mapema, plasta na sakafu utazifanya kwa maji ya bure.

11. Nyumba ya chokaa uitibu kwa chokaa

Hili ni la wenye nyumba za kale Unguja, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa. Kuta za mawe ya matumbawe zilizojengwa kwa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizifunika kwa plasta ya saruji unaufungia unyevu ndani, chumvi inasukuma plasta, na vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani vinaoza bila mtu kuona. Tafuta fundi anayejua chokaa, bado wapo. Mji Mkongwe wa Unguja umo kwenye Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, lakini orodha haizibi nyufa. Jengo la Beit-el-Ajaib la huko Unguja, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultani Barghash, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Desemba 2020. Kukarabati jengo lililosimama ni kulinda mawe, mbao na jasho ambavyo vimeshalipiwa.

12. Rangi, mchwa na bati za asbestosi

Uliza rangi isiyo na risasi, kiwango salama kinachopendekezwa kimataifa hakizidi sehemu 90 kwa milioni. Dawa ya mchwa isomwe jina, na asiyejua kuipima asiimwage karibu na kisima. Ukibomoa jengo la zamani lenye bati za asbestosi, zile za kijivu zinazofanana na saruji, usizivunje wala kuzikata kwa msumeno. Vumbi lake huleta saratani baada ya miaka mingi. Lipigie simu Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) kwanza.

13. Kifusi kina kazi

Vipande vya tofali na zege viende chini ya jamvi. Mabaki ya nondo yauzwe kwa wa chuma chakavu, viwanda vyetu vya nondo huyayeyusha. Karai na toroli visioshewe kwenye mtaro wa mtaa: tope la saruji huganda humo na masika mtaa mzima unafurika. Uani, acha udongo wazi ulipo uwezekano. Tumekuwa na mapenzi makubwa na tofali za uani, mpaka maji ya mvua hayana pa kuingilia ardhini na visima vinapungua.

14. Andikiana na fundi

Ukijenga ghorofa au nyumba za kupangisha, waajiri mhandisi, msanifu na mkandarasi waliosajiliwa, tena mapema. Jengo la ghorofa 16 lililoanguka katikati ya Dar es Salaam Machi 2013 liliua watu 36, na hakuna upotevu wa vifaa unaoweza kutajwa mbele ya msiba ule. Msanifu wako mwombe pia alipitishe jengo kwenye EDGE, programu ya bure ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Inakuonyesha kama jengo litaokoa asilimia 20 ya nishati, ya maji na ya hewa ya ukaa inayotokana na kutengeneza vifaa.

Kwa nyumba ya kawaida, fundi ndiye mhandisi wako, na atafanya yale mliyokubaliana kabla kazi haijaanza. Kaeni chini mwandike ukurasa mmoja: ndoo ngapi za maji kwa mfuko, siku ngapi za kumwagilia na nani atamwagilia Jumapili, mabaki ya mbao yanaenda wapi, mchanga unatoka machimbo gani. Siku za kumwagilia zilipwe, kwa kuwa fundi asiyelipwa siku hizo atahamia saiti nyingine, na hana kosa. Usimbane kwenye bei mpaka alazimike kufidia kwenye saruji. Mkimaliza, nakala moja abaki nayo yeye, nyingine ibandikwe kwenye mlango wa stoo, kwa maandishi makubwa ambayo saidia fundi anaweza kuyasoma.